Dhambi Niliyoambiwa Nitubu

Bwana asifiwe! Nasema tena asifiwe, maana nyinyi wa viti vya nyuma mmenijibu kama watu ambao bado hawajakunywa chai. Amina! Sasa nimewasikia.

Ndugu zangu, mimi naitwa Loise. Wengine mnanijua kama yule mama mkali wa kwaya, na sikatai. Bwana aliponiokoa aliniachia ukali kidogo, nadhani alijua utakuja kuwa na kazi. Leo nimesimama kueleza jinsi alivyoniokoa mara ya pili. Mara ya kwanza aliniokoa na dhambi zangu, na ushuhuda huo mmeusikia mpaka watoto wa Sande Skuli wanaweza kuutoa kwa niaba yangu. Mara ya pili aliniokoa na dhambi ambayo haikuwa yangu. Huo sijawahi kuutoa hapa mbele. Nimeona nikiendelea kuukalia nitakwenda nao kaburini bila kumfaa mtu yeyote.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na watu wetu wakiyanunua kwa vikundi. Baba yangu alikuwa mkata mbao kule Timboroa. Mti ulimwangukia msituni, akatuachia baridi na jina lake, basi. Mama yangu alibaki na watoto wa kike watupu. Lakini mama huyo! Alitelemka mpaka upande wa Sugoi, akaingia katika kikundi kilichokuwa kinanunua shamba la mzungu mmoja. Wazee wakamwuliza, "Mama, wewe utalima na nani?" Akawaonyesha mikono yake miwili. Walimkubali kwa sababu kikundi kilikuwa kimepungukiwa na watu, sio kwa sababu ya upendo.

Kipande chetu kilikuwa kinalipwa kidogo kidogo, na kililipwa na mshahara wangu. Kazi yangu ikikatika, shamba linakwenda kwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na kila aliyenijua alijua.

Nilikuwa nafanya kazi hapa mjini Eldoret, katika duka la chama cha wakulima, si mbali na stesheni ya reli. Tuliuza plau, waya, misumari, na zaidi ya yote spea za matrekta. Wenye mashamba wapya walikuwa wamenunua pia matrekta makuukuu ya wazungu, na matrekta yale yalikuwa na kiburi, yalikataa kazi kila wiki. Basi duka halikukosa watu. Mimi nilikuwa stoo. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyenigombeza sawasawa na alivyowagombeza wanaume, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Wengine hawakuwa kama yeye. Mtu akifika kaunta, ananitazama, halafu anatazama nyuma yangu, anauliza, "Hakuna mtu hapa?" Mzee mmoja wa Sugoi alikuja kununua mkanda wa feni. Nikamwambia upo, nimletee. Akasema atangoja mwanaume. Akakaa kwenye benchi siku nzima na kofia yake magotini. Alipoondoka jioni trekta lake lilikuwa bado limelala shambani, na mkanda ulikuwa juu ya kaunta, mbele ya pua yake. Nilicheka, ndugu zangu, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Na tena kulikuwa na chai. Nikiwa nahudumia watu, meneja anatoa kichwa mlangoni anasema, "Loise, wageni." Basi naacha watu kwenye foleni naenda kumimina chai. Wanaume wa duka walikuwa na mikono miwili kama mimi, lakini birika halikuwajua.

Sasa niwaeleze huyo meneja. Jina lake sitalitaja, ameshatangulia, na mwenye kuhukumu ni mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ndugu katika ushirika wetu wa waliookoka, na akifunga macho kuomba, unaona mbingu imeshuka mpaka kwenye mabati. Mimi nilimwamini kabisa. Hata nilipoajiriwa nilimshukuru Mungu nikasema, nimewekwa chini ya mtu wa Mungu, nini tena kitanipata?

Yule mzee wa Kihindi alipoacha kazi, kiti cha mkuu wa stoo kikabaki wazi. Wote pale dukani walijua ni nani alikuwa anaifanya kazi hiyo. Siku moja meneja akaniita stoo ya nyuma, ati twende tuangalie matairi. Nilipoingia akaniambia nifunge mlango. Nikamwuliza kwa nini, matairi hayaogopi mwanga. Akatabasamu. Akasema, "Loise, wewe ni msichana mwerevu. Kazi hii iko mkononi mwangu. Lakini unajua, mkono mtupu haulambwi." Akaniwekea mkono kiunoni.

Niliutoa. Nilimwambia, "Meneja, hapana," nikarudi kaunta.

Alirudia. Siku nyingine ni minyororo ya kuhesabu, siku nyingine ni mafuta yanayovuja. Nikajifunza kuweka sahani nzito ya plau, lile duara la chuma linalokata udongo, kwenye kizingiti ili mlango usifungike. Kila mara nilisema hapana. Mara moja nilisema kwa sauti mpaka wapakizi wa magunia walioko nje wakanyamaza. Baada ya hapo hakuniita tena. Nikasema, asante Yesu, imekwisha.

Kumbe ilikuwa inaanza!

Kwanza alimleta shemeji yake, kijana aitwaye Joeli, nikaambiwa nimfundishe kazi. Nikamfundisha. Alipokwisha kujua, akawekwa mkuu wa stoo, na mimi nikaambiwa nimpelekee chai. Nilivumilia hata hilo. Nilifikiria shamba nikameza.

Lakini Jumamosi moja tulikuwa katika ushirika. Nyinyi vijana pengine hamjui desturi yetu ya wakati ule. Tulikuwa tunakutana mchana hapa hapa kanisani, na kila mtu anasimama kuweka mambo yake nuruni. Unasema dhambi yako wazi, watu wanakupokea kwa wimbo na kukukumbatia, unakwenda nyumbani mwepesi. Na sheria kubwa ilikuwa hii: unasema dhambi yako, sio ya jirani. Anayesimama kumshtaki mwenzake, tulisema huyo hajavunjika, na hakuna aliyemsikiliza. Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe imenisaidia mara nyingi kufunga mdomo.

Basi meneja akasimama. Machozi yanamtiririka. Akasema, "Ndugu zangu, niombeeni. Kuna dada kazini kwangu ambaye shetani anamtumia kunijaribu. Mavazi yake, kicheko chake. Mimi ni mtu wa damu na nyama. Niombeeni nisianguke."

Ndugu zangu! Pale kazini kwake kulikuwa na mwanamke mmoja tu. Shingo zote zikageuka. Watu walilia pamoja naye, wakamwimbia, wakamkumbatia, wakasema jinsi alivyo mnyenyekevu. Na mimi nimekaa pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Mavazi gani? Mimi nilivaa koti la kaki la stoo lililojaa grisi mpaka magotini. Kama grisi inatamanisha wanaume, basi mafundi wote wa trekta wako hatarini!

Sikuweza kujibu. Sheria ilinifunga. Ningesimama kumshtaki, ningethibitisha kwamba mimi ndiye mbaya. Yeye alijua hivyo, ndiyo maana aliwahi kusimama.

Haikupita muda wakaja kwangu akina mama wawili wa ushirika. Mkubwa wao alikuwa Mama Damari, mama aliyeheshimiwa sana, aliyenilea katika wokovu. Walileta maziwa lala, yaliyoganda vizuri. Walikuja kwa upendo, nami nataka mjue hivyo, maana mtu anaweza kukuua kwa upendo kabisa. Mama Damari akanishika mkono akasema, "Mwanangu, Jumamosi simama utubu tu. Hata kama hukukusudia. Na hiyo kazi uiache, ndugu yetu asikwazike."

Nikamwuliza, "Mama, nitubu nini?"

"Bwana atakuonyesha. Toba haijaua mtu."

Walipoondoka nilianza kuitafuta hiyo dhambi. Niliitafuta kweli kweli. Nilijiuliza, je, nilicheka sana siku ile? Je, nilimsalimia vibaya? Nikaacha kucheka kazini. Nikaanza kutembea nimeinama, nimefunga koti mpaka shingoni hata jua likiwaka. Na hapa ndipo hatari ilipokuwa, dada zangu. Nilikuwa karibu kuipata! Ukiambiwa na watu wazuri kwamba una dhambi, ukaitafuta kwa bidii, utaiokota hata pale ambapo haikudondoka. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanga maneno ya kutubu.

Mama yangu akaja kutoka Sugoi na viazi. Tukakaa jikoni tukiviambua, nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliendelea kuambua tu, maganda membamba yanaanguka kwenye karai. Mwisho akasema, "Ukiacha kazi, shamba letu litaenda. Hiyo itaniuma, sikudanganyi. Lakini ukisimama mbele ya Mungu useme ulifanya kitu hukufanya, huo ni uongo, na mimi sikuzaa mwongo."

Nikamwambia, "Mama, sheria ya ushirika hainiruhusu kumshtaki."

"Nani amesema umshtaki? Si mnasema kila mtu aseme yake? Sasa wewe sema yako. Sema kile ulifanya."

Akaniomba chumvi. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Ndugu zangu, nilitoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba karibu na kuni, nikaomba. Sikuomba kwa maneno mengi. Nilisema, "Bwana, wewe ulikuwepo stoo ya nyuma." Na niliposema hivyo, hofu ilinitoka. Ilitoka kabisa! Nimeogopa mambo mengine tangu siku ile, naogopa nyoka, naogopa radi, lakini uso wa mwanaume mwenye cheo haujanitetemesha tena. Kama huu sio ukombozi, basi mimi sijui ukombozi ni nini.

Jumamosi ikafika. Kanisa limejaa, maana habari zilikuwa zimetembea. Meneja amekaa mbele. Niliposimama alikuwa wa kwanza kusema, "Amina, dada, funguka." Alikuwa tayari kunipokea.

Nikasema, "Ndugu zangu, nimekuja kuweka nuruni yale niliyoyafanya mimi, Loise. Ya mtu mwingine sitasema. Niliitwa stoo ya nyuma, nikaenda. Niliambiwa nifunge mlango, sikufunga. Niliwekewa mkono kiunoni, nikautoa. Niliahidiwa kiti cha mkuu wa stoo, nikasema hapana. Niliitwa tena, nikaweka sahani ya plau mlangoni ili usifungike, nikasema hapana. Niliitwa tena, nikasema hapana kwa sauti, na walioko nje walisikia. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimetafuta mengine nimekosa. Kama kusema hapana ni dhambi, naomba Bwana anisamehe, na ninyi mnisamehe. Kama sio dhambi, basi sina la kutubu, na kazi yangu siachi."

Nikakaa.

Kwa desturi yetu, mtu akimaliza watu wanaanza wimbo. Siku ile hakuna aliyeanza. Mwenye kuanzisha nyimbo alikuwa anatazama viatu vyake. Meneja alikohoa. Nikajiambia, Loise, umekwisha, lakini umekwisha ukiwa umesimama wima.

Ndipo Mama Damari akasimama. Alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Akasema, "Na mimi nina langu. Binti yangu Eunice alikuwa anafagia duka hilo, kabla Loise hajaajiriwa. Ndugu yetu alisimama hapa akalia vile vile, kwa maneno yale yale. Mimi nilimwamini. Nilimshika mtoto wangu mkono nikamleta mbele yenu, nikamlazimisha atubu. Alikuwa ananiambia, Mama sikufanya kitu, na mimi nikamwambia, tubu. Siku hizi anakaa Kimumu kwa shangazi yake na haji kwangu hata kwa sherehe. Niliona ni moyo mgumu. Ee Bwana, moyo mgumu ulikuwa wangu!"

Hapo kanisa lilivunjika! Mama Damari alianza kulia, na akina mama wakamzunguka, na wimbo ukaanza wenyewe, kwanza upande wa wanawake. Mimi nilivutwa katikati. Meneja alichukua kofia yake akatoka. Wazee wawili watatu walimfuata, na kwa muda mrefu ushirika wetu ulikuwa na mpasuko. Siwafichi. Mtu asiwadanganye kwamba kweli ikisemwa wote wanafurahi.

Jumatatu meneja akaniita ofisini. Akasema, "Umeniharibia jina. Ukimaliza mwezi huu, ondoka."

Nikamwambia, "Jina lako sikulitaja, meneja. Waliokujua walikujua." Nikarudi kaunta.

Kumbe Bwana alikuwa na jeshi lake. Asubuhi ile Mama Damari aliingia dukani, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa uzi na sindano akaanza kufuma kitambaa. Meneja akamwuliza anataka nini. "Nangoja," akasema. Anangoja nini? "Nangoja tu." Kesho yake wakaja mama wengine wawili na vitambaa vyao. Wakawa wanapokezana. Wengi wao walikuwa wake za wanachama wa chama kile kile, wenye matrekta. Kama mjuavyo, mwanaume akikuta mke wake amehamia dukani kufuma, atauliza. Na wakiuliza walijibiwa nyumbani, tena kwa kirefu.

Kamati ya chama ikaita mkutano. Niliitwa nikasema yale yale, neno kwa neno. Wapakizi waliitwa wakasema walichosikia. Na Eunice akaja! Mama Damari alikuwa amekwenda Kimumu kwa miguu yake kumwomba mtoto wake msamaha, na msichana yule akasimama mbele ya wanaume wenye mabuti ya matope akasema yaliyompata, na hakuinamisha kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa na mabinti aliomba kutoka nje kidogo. Meneja aliondolewa, na mimi nikabaki.

Msidhani nilipewa kiti cha mkuu wa stoo siku ile. Wapi! Wazee walisema tusiharakishe mambo. Nilianza kwa kuomba, wakakawia. Nikaacha kuomba nikaanza kudai. Kila mkutano, kabla ya kufunga kwa maombi, mkono wa Loise uko juu. Nadhani mwishowe walinipa ili na wao wapumzike. Siku ya kwanza ya kukikalia, nilipanga zamu ya chai, na Joeli akaanza. Chai yake ilikuwa mbaya lakini tuliinywa.

Shamba tulimaliza kulilipa. Mama yangu amelala huko, chini ya udongo ambao aliambiwa hataweza kuulima. Yule meneja alipougua, watu walikuja kuniambia. Sikuenda kumwona, lakini nilimwombea, na maombi yale yalikuwa mazito kuliko magunia yote niliyowahi kubeba. Bwana alinisaidia kuyamaliza.

Basi namshukuru Mungu. Namshukuru kwa mama aliyekataa kuzaa mwongo. Namshukuru kwa akina mama wa ule ushirika, ambao walinikosea na wakarudi. Namshukuru kwa Eunice, ambaye hadi leo ananipigia hodi bila kuhitaji sababu.

Na sasa ninyi mabinti mnaofanya kazi maofisini, mashuleni, mahospitalini, dukani. Nisikilizeni. Kuna mmoja hapa ambaye ameambiwa anyamaze, aombe msamaha, mambo yaishe, mkubwa asikasirike. Dada yangu, mwamini Bwana. Yeye alikuwepo mlango ulipofungwa, na hahitaji kusimuliwa. Dhambi zako mwenyewe ukizifanya, mwambie, atakusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini ya mtu mwingine usiiguse, hata ukibembelezwa na watakatifu. Wa kubeba dhambi za wengine ni mmoja tu, ameshazibeba, na sio wewe.